Kobalti na Habari ya Uongo Ndani ya Seli

Tuna dakika chache pamoja, na nina neno moja zito la kuwaletea. Nitalimenya taratibu.

Neno lenyewe mnalijua. Mnaliuliza kwenye bomba la maji, ndani ya basi, nje ya kanisa baada ya misa: je, mavumbi haya ya kobalti yanaleta saratani, yaani kansa?

Majibu mawili yanazunguka mjini hapa Kolwezi. La kwanza linasema: mavumbi ni mavumbi tu, babu zetu walifanya kazi katika kampuni za migodi, Union Minière kisha Gécamines, wakazeeka na kuzika wazazi wao kwa heshima. La pili linasema: tumekwisha, kila mgonjwa wa Kolwezi amelishwa kobalti. Jibu la kwanza linatubembeleza tulale. La pili linatukatisha tamaa, na mtu aliyekata tamaa hanawi mikono. Jioni hii tuyaweke yote mawili kando, tushuke chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki: ndani ya seli, ile chembe ndogo ya uhai ambayo kwa mabilioni yake ndiyo inayotengeneza mwili wangu na wako.

Nitawaambia jambo kuu tangu sasa, na nitalirudia: kobalti ikiingia ndani ya seli, inaiambia kwamba hewa imekwisha, hata kama hewa ipo tele. Seli inaamini. Ikiamini, inabadilisha hesabu ya chumvi zake. Na hesabu hiyo iliyobadilishwa inafanana sana na ile ya seli za uvimbe wa saratani. Hilo ndilo neno la leo. Tutapita vituo vitatu. Kwanza, chumvi za seli ni nini? Pili, uvimbe unazichezea namna gani? Tatu, kobalti yetu inaingilia wapi? Kisha tutarudi nyumbani kuulizana la kufanya.

Haya, kituo cha kwanza.

Umewahi kulamba jasho lako? Lina chumvi. Damu nayo ina chumvi, machozi yana chumvi. Chumvi ikiyeyuka majini inagawanyika kuwa chembe ndogo zenye umeme, na wataalamu wanaziita ioni. Leo tunazihitaji nne: sodiamu, potasiamu, kalisi na haidrojeni. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya kitu kiwe kichachu. Ndimu ni kali kwa sababu ina ioni nyingi za haidrojeni.

Sasa sikilizeni vizuri. Chumvi hizi hazikai sawasawa nje na ndani ya seli. Sodiamu imejaa nje, na ndani ni kidogo. Potasiamu ni kinyume chake: imejaa ndani, na nje ni kidogo. Kalisi ndiyo ya ajabu zaidi, kwa kuwa nje ya seli ni nyingi kuliko ndani kwa karibu mara elfu kumi. Nani anayezitenganisha hivyo? Zikiachwa zenyewe zingechanganyika zote zikawa sawa.

Wazee waliofanya kazi chini ya ardhi pale Kamoto watanielewa upesi. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji, maji yanapenyeza usiku na mchana, na pampu haina Jumapili. Pampu ikisimama, maji yanapanda na kazi inakufa. Seli iko hivyo hivyo. Juu ya utando wake kuna pampu ndogo zisizohesabika, na kila mzunguko mmoja unatupa nje sodiamu 3 na kuingiza ndani potasiamu 2. Umeme wake ni chakula tulichokula. Hata mtu akilala usingizi, karibu robo ya nguvu ya mwili wake inaliwa na pampu hizo. Ni gharama kubwa, lakini bila hiyo moyo haupigi, mshipa wa fahamu hausemi na misuli haikazi.

Aliyeitambua pampu hiyo ni Jens Christian Skou wa Denmark, mwaka wa 1957, akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa wa baharini. Alipewa Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye, 1997. Lakini kabla ya Skou, sisi watu wa upande huu wa Afrika tulikuwa tumeshaitumia siri ya pampu hiyo bila kuijua. Wawindaji wa Kenya, Wakamba na Wagiriama miongoni mwao, walipaka mishale yao sumu iliyochemshwa kutoka kwenye mti wa jamii ya Acokanthera. Mshale ukimchoma mnyama, hata tembo, moyo wake unavurugika kisha unasimama. Ndani ya sumu hiyo kuna kitu kiitwacho ouabaini, na kazi yake ni moja tu: kuishika pampu ya sodiamu na kuifunga. Mwaka wa 1953 mtafiti wa Uswisi, Hans Schatzmann, alionyesha kwamba dawa za jamii ya ouabaini zinazuia sodiamu na potasiamu kupita katika seli nyekundu za damu. Hapo ndipo ilipoonekana sumu ya mshale inaua kwa njia gani.

Mbona nawaletea habari za mishale? Kwa sababu inatufundisha jambo la msingi: kitu kidogo kinachotoka nje, kikigusa mahali panapofaa juu ya seli, kinaweza kuvuruga chumvi zote za ndani. Hakihitaji kuingia kwa wingi wala kuichoma seli. Kinagusa tu, na hesabu inavurugika. Shikeni hapo.

Kituo cha pili: uvimbe.

Seli ya mwili haiishi peke yake kama mtu wa porini. Kila saa inapokea habari kutoka nje, na habari hizo ni za kikemikali: homoni, vichocheo vya ukuaji, hata seli jirani iliyojeruhiwa inamwaga vitu vyake na kuwatahadharisha wenzake. Mfano ni rahisi. Umejikata kwa kisu ukichambua sombe. Baada ya siku chache ngozi imefungana. Nani aliyeziambia seli za ngozi zigawanyike? Ni vichocheo vya ukuaji. Kimoja kati ya hivyo kiligunduliwa na Mmarekani Stanley Cohen katika tezi za mate za panya, na mwaka wa 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia.

Kichocheo hicho kikigusa utando wa seli, jambo la kwanza linalotokea, ndani ya sekunde na dakika, ni chumvi kusogea. Kalisi inapanda ghafla ndani ya seli. Sodiamu inaingia na haidrojeni inatoka, kwa sababu mlango wa kubadilishana umefunguka: ingiza sodiamu moja, toa haidrojeni moja. Uchachu ndani ya seli unapungua, na kwa seli hiyo ni kama ruhusa ya kukua na kugawanyika. Kidonda kikifunga, habari inakoma, milango inarudi mahali pake, na seli inatulia.

Katika uvimbe wa saratani hali inageuka. Seli nyingi za uvimbe zina vipokea-habari kupita kiasi, au vimeharibika vikabaki wazi, kwa hiyo habari ya “kua, kua” haikomi. Matokeo yake ni nini? Sodiamu ndani inakuwa nyingi kuliko kawaida. Kalisi inapanda na kushuka bila mpango. Na haidrojeni, ule uchachu, inatupwa nje mfululizo. Katika mwili wenye afya, ndani ya seli ni pachachu zaidi kidogo kuliko nje. Katika uvimbe ni kinyume: ndani pametulia, nje pamechachuka.

Uchachu huo unatoka wapi? Tangu miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za uvimbe zinakula sukari kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi, hata pale ambapo hewa ya oksijeni ipo. Asidi ikibaki ndani ingeiua seli yenyewe. Kwa hiyo inaitupa nje, kwa jirani. Jirani anaumia: nyama inayoshikilia seli inalegea, askari wa mwili wanaopaswa kuushambulia uvimbe wanachoka, na seli za uvimbe zinapata njia ya kupenya na kwenda mbali.

Nisimame hapa kidogo, maana najua kuna mtu amekwisha kufikiria jambo. Anasema: basi kama uvimbe unapenda uchachu, nikinywa maji ya magadi kila asubuhi nitaumaliza. Hapana, ndugu yangu. Uchachu ninaousema uko pale pale palipo na uvimbe. Damu yako ina walinzi wake, mapafu na figo, na hawaruhusu magadi yaigeuze upendavyo. Anayekuuzia chupa ya maji ya ajabu kwa habari hii amechukua nusu ya sayansi na fedha yako yote. Ouabaini ya mishale nayo iko hivyo hivyo. Watafiti wanaijaribu pamoja na ndugu zake juu ya seli za saratani katika maabara, lakini kipimo kinachofunga pampu ya uvimbe kiko karibu sana na kipimo kinachofunga pampu ya moyo. Msitafute mti huo, nawasihi.

Tumeelewana mpaka hapa? Tumesema: chumvi za seli zinalindwa na pampu. Tumesema: habari za kikemikali kutoka nje zinasogeza chumvi hizo. Tumesema: katika uvimbe, kusogezwa huko hakukomi. Sasa tufike kwetu.

Kituo cha tatu: kobalti.

Mwili wa binadamu unaihitaji kobalti kidogo sana, na unaitumia mahali pamoja tu panapojulikana: katikati ya vitamini B12, tunayoipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwa hiyo kobalti si shetani. Lakini kobalti ya vitamini imefungwa vizuri ndani ya vitamini yake. Ile ya mavumbi, ukiivuta puani au kuimeza na chakula, inayeyuka na kuwa ioni, nayo inatembea huru. Ioni hii haina mlango wake maalumu wa kuingilia katika seli. Inapita katika milango ya chuma na ya kalisi. Wachunguzi wa mishipa ya fahamu wamelijua hilo kwa miaka mingi. Walipotaka kuzuia kalisi isiingie katika seli, walitia kobalti, nayo ikaziba njia. Hapo tayari hesabu ya chumvi imeguswa mara ya kwanza.

Lakini kazi yake kubwa iko ndani zaidi. Kila seli ina protini moja ambayo wataalamu wanaiita HIF. Hii ndiyo inayopiga kengele hewa inapopungua. Hewa ikiwa ya kutosha, HIF inatengenezwa na kuvunjwa upesi, ndani ya dakika chache, haipati muda wa kufanya lolote. Anayeivunja anahitaji oksijeni na chuma ili afanye kazi. Hewa ikipungua, mvunjaji anasimama, HIF inabaki, inaingia katika kiini cha seli na kufungua jeni nyingi: tengeneza damu zaidi, ita mishipa mipya, kula sukari bila kungoja oksijeni, tupa asidi nje. Kwa mtu anayepanda mlima mrefu hiyo ni rehema.

Kobalti inafanya nini? Inakaa mahali pa chuma. Mvunjaji anashindwa kazi yake, na HIF inabaki. Kengele inalia na hewa imejaa chumba kizima! Hiyo ndiyo habari ya uongo niliyowaambia mwanzoni. Na seli haina njia ya kuhakikisha. Inatii. Inakula sukari na kutengeneza asidi. Inaweka juu ya utando vimeng’enya vya kushughulikia asidi hiyo. Haidrojeni inasukumwa nje, sodiamu inaingia kuchukua nafasi yake, na pampu inalazimika kufanya kazi ya ziada kuitoa.

Je, haya ni maneno ya nadharia tu? Hapana. Mwaka wa 1988, huko Boston, Mark Goldberg na Franklin Bunn pamoja na mwenzao walichukua seli za saratani ya ini ya binadamu, wakazikuza katika maabara na kuzitilia kobalti. Seli hizo zikaanza kutengeneza homoni ya kuongeza damu, kana kwamba zimenyimwa hewa. Tangu siku hizo, kobalti imekuwa chombo cha kawaida katika maabara nyingi za saratani duniani: mtafiti asipotaka kuhangaika na mitungi ya gesi, anatia chumvi ya kobalti na seli inadhani imekosa hewa. Waliofafanua jinsi seli inavyotambua hewa, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2019. Kaelin alianzia kwa familia ambazo zimerithi hitilafu fulani, kwao HIF haivunjwi vizuri hata pasipo kobalti. Watu wa familia hizo wanapata uvimbe wa figo na wa mishipa ya damu. Tazameni basi: kengele isiyonyamaza inakwenda pamoja na uvimbe.

Na binadamu aliyekula kobalti, je? Historia inacho kisa. Miaka ya 1950, madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapa wagonjwa wenye upungufu wa damu chumvi ya kobalti. Damu iliongezeka kweli, maana kengele ilikuwa inalia. Lakini tezi ya shingo ilivimba kwa baadhi yao, wengine wakadhurika vibaya zaidi, na dawa hiyo ikaachwa. Kisha mwaka wa 1965 na 1966, katika mji wa Quebec nchini Kanada, watengenezaji wa bia walitia kobalti kidogo ili povu lisimame vizuri kwenye glasi. Karibu watu 50 waliokuwa wakinywa sana walipatwa na ugonjwa wa moyo, na 20 wakafariki. Wengi wao walikuwa wanakula vibaya. Nalirudia hilo: walikuwa wanakula vibaya. Kobalti inamdhuru zaidi mtu ambaye mwili wake tayari una njaa.

Sasa turudi Kolwezi.

Mwaka wa 2014, mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo alichimba ndani ya uwanja wa nyumba yake akakuta madini ya kobalti. Mnajua kilichofuata. Nyumba zilichimbuliwa kutoka chini, magunia yakarundikwa barazani, watoto wakacheza juu ya udongo uliotoka shimoni. Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, ilipima mkojo na damu ya wakaaji wa Kasulo na kuwalinganisha na watu wa mtaa wa karibu usio na mashimo. Matokeo yalitoka mwaka wa 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini. Watoto waliwapita watu wazima. Na kwa watoto hao zilionekana dalili za uharibifu katika DNA, yaani maandishi ya urithi yanayoiongoza seli.

Huo haukuwa utafiti wa kwanza. Mwaka wa 2009 Profesa Banza na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wakaaji wa jirani na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi kwenye mkojo kuliko ilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Na mwaka wa 2020, utafiti wa hospitali za Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kasoro za mwili walionekana zaidi katika familia ambazo baba anafanya kazi ya madini. Baba, wasikilizaji. Tumezoea kumuuliza mama alikula nini. Utafiti ule ulitufundisha tumuulize baba pia anashinda wapi.

Basi tujibu swali letu kwa uaminifu. Je, kobalti inaleta kansa? Mwaka wa 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani na liko Lyon, Ufaransa, liliweka kobalti ya metali na chumvi zake zinazoyeyuka katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Sikilizeni maneno “uwezekano mkubwa”. Yametoka katika ushahidi wa aina mbili. Kwanza, panya waliovuta kobalti walipata uvimbe wa mapafu. Pili, seli za binadamu katika maabara zilionyesha madhara yanayoeleweka: DNA kuvunjika, na protini za kuitengeneza kuzuiwa. Ushahidi wa kuwahesabu binadamu wenyewe, kuona nani ameugua na nani hakuugua, haujatosha.

Kwa hiyo usimwambie jirani yako, “Mume wako amekufa kwa kobalti.” Hujui. Lakini usimwambie pia mwanao, “Hayo ni mavumbi tu.” Hayo ni mavumbi yenye habari ya uongo, na yakikutana na DNA iliyokwisha kuvunjika mahali fulani, uongo huo unaikuta seli iliyo tayari kupotoka. Uongo peke yake hautoshi kuleta saratani. DNA iliyovunjika peke yake mara nyingi inatengenezwa. Hatari iko pale vinapokutana viwili, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kupunguza siku hizo.

Tufanye nini? Nianze na nyumbani.

La kwanza: gunia la madini lisilale katika nyumba wanamolala watoto. Hata gunia tupu. Nguo za machimboni zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto na mbali na vyombo.

La pili: sakafu ipigwe maji kabla ya kufagiliwa. Ufagio mkavu unayainua mavumbi mpaka usawa wa pua ya mtoto. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, maana watafiti waliona kwamba mtoto anapata kobalti nyingi kwa njia ya mavumbi, mkono ukienda mdomoni.

La tatu: mboga. Kwa watu wazima wanaoishi karibu na viwanda, chakula kilicholimwa hapo hapo ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya kobalti. Lenga-lenga na matembele yanaoshwa maji zaidi ya mara moja, na bustani inakwepa kingo za mito ambamo madini yanasafishwa. Msioshee mboga pale panapooshewa mawe.

La nne, na hili mama wajawazito walisikilize sana: chuma. Tumesema kobalti inapita katika mlango wa chuma. Mtu mwenye upungufu wa chuma mwilini anaifungua milango hiyo zaidi, na kobalti inaingia zaidi. Kwa hiyo vidonge vya chuma vinavyotolewa kliniki visiishie kwenye sanduku. Maharagwe, samaki, nyama ikipatikana, vina kazi hapa. Na maziwa, papa? Najua yanasifiwa machimboni kuwa yanaosha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaendi mapafuni na hayaondoi mavumbi yaliyokwisha kuingia.

Hayo ni ya nyumbani. Lakini nitakuwa mtu wa hila nikiishia hapo, kana kwamba mama wa mtaa wa Kapata mwenye ndoo moja ya maji ndiye mwenye deni. Malori yanayopita usiku kucha si yake. Kiwanda si chake. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inayataka makampuni yatenge angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka, na wawakilishi wa jamii wana sauti katika kupanga matumizi. Tumezoea kuomba shule na daraja. Ni vizuri. Lakini mbona hatuombi gari la kumwagia barabara maji wakati wa kiangazi? Mbona hatuombi turubai juu ya kila lori, bafu kwa kila mchimbaji kabla hajarudi kwake, na kipimo cha mkojo kwa watoto wa mitaa ya jirani, majibu yakisomwa mbele ya wazazi? Kipimo hicho kipo. Watafiti wa Lubumbashi wamekwisha kukifanya, wakatuonyesha kwamba kinawezekana hapa hapa kwetu.

Na ukiona dalili, nenda hospitali mapema: kikohozi kisichokwisha, kukohoa damu, kukonda bila sababu, uvimbe unaokua. Nyingi za dalili hizo zinaletwa pia na kifua kikuu, nacho kinatibika. Mwambie daktari kazi yako na mtaa wako hata kama hajakuuliza.

Tumalizie kwa kukumbushana. Seli inaishi kwa hesabu ya chumvi, na pampu zake hazipumziki. Habari za kikemikali kutoka nje zinaisogeza hesabu hiyo, na katika uvimbe inasogezwa bila kukoma. Kobalti inaipa seli habari ya uongo kwamba hewa imekwisha, na seli inatii. Kila punje ya mavumbi isiyoingia kifuani ni uongo mmoja ambao seli haikuusikia.

Mkutano wa mtaa wako unaofuata, simama uulize: maji ya barabara yako wapi, na kipimo cha watoto kitaanza lini? Ukikosa jibu, uliza tena mkutano wa pili.